Usiiunguze rangi ya gari ukitafuta mng'aro

Mwaka uliopita mimi na mke wangu tuliamua kuuza gari letu tupate karo ya kifungua mimba wetu, aliyekuwa ameitwa kujiunga na chuo kikuu. Injini ilikuwa nzima, ila jua likipiga, boneti ilionyesha mikwaruzo myembamba mithili ya utando wa buibui.

Fundi mmoja alituhakikishia kwamba angeimaliza kwa nusu saa. Alichukua mashine inayofanana na grainda, akaikandamiza ukingoni mwa boneti. Alipoiinua, tuliona doa la kijivu. Rangi ilikuwa imeungua! Mnunuzi alipokuja, kidole chake kilienda moja kwa moja kwenye doa hilo, na bei ikashuka papo hapo.

Msomaji, hasara hiyo ilinifunza jambo ambalo wenye magari wengi hawalijui. Magari mengi ya kisasa yana vanishi angavu juu ya rangi yenyewe. Unene wa vanishi hiyo ni kama mikroni 40 hadi 50, yaani takriban nusu ya karatasi ya kuandikia. Mikwaruzo mingi hukaa humo. Kung'arisha hakuijazi mikwaruzo, bali hupunguza vanishi kidogo hadi uso uwe sawa. Ikiisha, hairudi ila kwa kupaka rangi upya.

Kwa hivyo, asiye na uzoefu ni heri atumie mashine ya mizunguko miwili. Sponji yake huzunguka na wakati uo huo kuyumbayumba, hivyo joto halirundikani mahali pamoja. Ukiikandamiza mno, huacha kuzunguka. Ile ya mzunguko mmoja haina huruma hiyo.

Kabla ya yote, pitisha ukucha juu ya mkwaruzo. Ukikwama, mkwaruzo huo ni wa kina. Usijaribu kuumaliza kwa mashine. Usipokwama, osha gari kwa sabuni ya magari, ulikaushe na kuliweka kivulini hadi bati lipoe. Bandika tepu kwenye plastiki, mipira na kingo kali, kwa kuwa hapo ndipo rangi huungua upesi. Vaa miwani ya kukinga macho, na waya wa umeme usiguse maji.

Sasa chagua sehemu ndogo ya majaribio, kama sentimita 50 kwa 50. Anza na sponji laini na dawa isiyo kali. Weka matone madogo matatu au manne, yasambaze kwa kasi ndogo, kisha ongeza kasi hadi ya wastani. Laza sponji sawasawa, uende pole pole, kila mstari ukipanda nusu ya ule uliotangulia. Ukimaliza kwa urefu, rudia kwa upana. Futa kwa kitambaa laini kisha umulike kwa tochi. Iwapo mikwaruzo ingalipo, ndipo utumie dawa kali kidogo. Ikitoweka, fuata njia iyo hiyo kwenye sehemu nyingine.

Tazama sponji mara kwa mara. Gari lenye vanishi likiacha rangi yake kwenye sponji, simama! Umeshavuka vanishi. Magari ya zamani yasiyo na vanishi huacha rangi hata kazi ikienda vyema. Mwisho paka nta. Nta hulinda mng'aro, lakini haiondoi mkwaruzo.

Usitafute gari lisilo na alama hata moja. Mkwaruzo mdogo uliobaki hauna hasara kama doa lililotupunguzia karo. Maji yakimwagika hayazoleki.

Jumapili ijayo tutaangalia chanzo cha mikwaruzo hii: ndoo moja ya maji na kitambaa kichafu.