Balbu zinazomeza umeme Tarime na Serengeti
Umeme ukifika katika nyumba ya Tarime au Serengeti, mkoani Mara, kazi yake ya kwanza huwa taa. Hapo ndipo fedha huanza kuvuja. Balbu 5 za zamani za wati 60, zikiwaka saa 5 kila usiku, hula uniti 45 kwa mwezi. Za LED za wati 9, zenye mwanga unaokaribiana, hazifiki uniti 7. Katika bei za mwaka 2016, mteja mdogo wa TANESCO alilipa Sh100 kwa kila uniti hadi 75. Zilizozidi zilikuwa Sh350. Balbu ya bei nafuu dukani, ambayo tena huungua mapema, ndiyo iliyoweza kumtoa mlalahoi katika unafuu aliowekewa na serikali.