Tuchague Jiwe kwa Kazi Yake

Likizo iliyopita, nyumbani Olumbi, nilimkuta baba akishindana na ami juu ya sakafu ya nyumba yetu mpya. Ami alitaka marumaru nyeupe ing'aayo, sebuleni, jikoni na hata barazani. Baba alitaka chokaa na mawe ya kwetu. Nikaulizwa, "Haya msomi, wewe wasemaje?" Nikanyamaza, maana sikujua. Leo najibu, nanyi wasomaji mwamue wenyewe.

Kwanza yafaa tujue tunachonunua. Siku hizi vigae vya dukani pia huitwa marumaru, kumbe ni udongo uliochomwa kiwandani. Marumaru ya kweli ni jiwe, wala si geni kwetu: huchimbwa Montepuez, katika jimbo letu la Cabo Delgado. Asili yake ni mawe ya chokaa yaliyogeuzwa na joto na uzito chini ya ardhi. Kwa hiyo haipatani na vitu vikali. Jikoni mwa mama hamkosi ndimu wala ukwaju; tone likikaa juu yake huula mng'ao, likaacha doa lisilofutika. Tena sakafu iliyosuguliwa sana huteleza ikiingia maji. Bibi yangu hutawadha mara tano kwa siku, na macho yake hayaoni vema. Akianguka, mng'ao utatufaa nini? Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Jiwe la matale ni jingine. Ni gumu kuliko marumaru, wala ndimu hailidhuru. Hilo lafaa meza ya jikoni. Mwenye shaka na aombe kipande kwa muuzaji, akidondoshee ndimu, angoje kidogo, kisha afute aone.

Wazee wetu je? Kilwa, Ibo na Lamu zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, na chokaa ilichomwa kutokana na matumbawe hayo hayo. Sakafu yao ilikuwa chokaa na kokoto, ikipondwa siku nyingi hata ishikamane. Kweli chokaa ni ndugu wa marumaru, lakini hakuna akataye ndimu sakafuni. Ukuta wa matumbawe nao hunywa maji, na lipu ya chokaa huyaacha yatoke. Ukiupaka saruji, maji na chumvi hubaki ndani, na lipu hubanduka.

Hata hivyo, baba naye asishangilie upesi. Jiwe la kwetu pia lina gharama yake. Katika Kisiwa cha Msumbiji, kilichotiwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1991, mawe ya majumba makubwa yalichimbwa upande wa pili wa kisiwa hicho hicho. Mashimo yakabaki, na humo ukajengwa mji wa makuti wa watu wanyonge. Hata leo mvua kubwa ikinyesha, maji hukimbilia huko. Mmoja alipata sebule, mwenziwe akapata shimo. Na matumbawe yaliyo hai baharini ni nyumba ya samaki. Fedha ya nyumba yetu ni ya misimu mitatu ya uvuvi. Tutavunjaje mwamba uliotulisha?

Basi, maoni yangu ni haya. Sakafu iwe ya chokaa na mawe yaliyochimbwa nchi kavu, na shimo lifukiwe. Najua tanuri la chokaa hula kuni nyingi. Kwa hiyo tupime kwanza, tusichome zaidi ya haja. Jikoni tuweke kipande kimoja cha matale, fedha ikitosha. Marumaru ya ami na iwe kidogo, ukumbini, mahali pasipofika maji.

Ami anisamehe. Nyumba ni ya bibi kabla ya kuwa ya wageni. Mwenye maoni mengine na aandike, nami nitasoma kwa furaha.