Hasira ya Watu Wazima

Kijana msomaji, bila shaka umepata kuambiwa kwamba hasira ni hasara, na kwamba mtu akisha kuoa na kujenga, nyimbo za ghadhabu hazimfai. Nakusihi usiyakubali maneno hayo upesi.

Hapa Kiembeni wako akina baba na akina mama waliokuwa vijana mwaka 2004, ulipotoka mkusanyo wa nyimbo uitwao Kilio cha Haki, ambamo walifoka vijana wa Ukoo Flani Mau Mau, wa Mombasa na wa Dandora, Nairobi. Leo wana mvi, lakini beti zile wangali nazo moyoni. Watoto wao huwacheka. (Wapenzi wa muziki wa panki, uliovuma Uingereza mwaka 1977, nao huchekwa na wajukuu.) Wacheka nini? Nyimbo zile zilishtaki umaskini na dhuluma. Ikiwa maji yangali yakinunuliwa kwa mitungi kutoka kwa wasukuma mikokoteni, ni nani awezaye kuwaambia wapoe? Atulizwaye na umri peke yake hakupata hekima, amechoka tu.

Ukitaka mfano, mtazame Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa, aliyefungwa mwaka 1969 kwa ajili ya waraka wake, Kenya: Twendapi? Alitoka mwaka 1972, na mvi hazikumnyamazisha.

Jirani yangu, ambaye zamani alipayuka mbele ya jukwaa mpaka sauti ikamkauka, sasa huenda mkutanoni na bahasha ya stakabadhi, akauliza swali lile lile mpaka ajibiwe. Ukimwona kimya ndani ya matatu, usidhani amepoa.