Injini Ikitoka Ovahoo Haitaki Kiki, Inataka Kilomita

Wadau, mmeiona ile klipu? Staa mmoja, jina kapuni, kaitoa gereji Beetle yake ya miaka ya 70. Injini imepigwa ovahoo ya maana: pistoni mpya, ringi mpya, kamshafti mpya. Kamera zikawekwa, jamaa akakanyaga resi gari likiwa limesimama, mpaka majirani wakatoka nje. Laiki za kutosha. Siku chache baadaye posti ikabadilika: moshi wa bluu, injini inagonga, na fundi anaitwa tapeli mbele ya mafolowa wote.

Sikuwepo gereji, siwezi kuapa kwamba fundi hana kosa. Ila kabla hatujamchoma mtu ambaye hana hata akaunti ya kujitetea, tuelewane kitu kimoja. Injini iliyotoka kufungwa haijamaliza kutengenezwa. Sehemu iliyobaki anaimalizia dereva.

Iko hivi. Kuta za silinda huachiwa mikwaruzo midogo makusudi, ili ringi zisuguane nazo mpaka zikae sawa. Kinachozisukuma ringi zibane ukuta ni nguvu ya moto ndani ya silinda, na nguvu hiyo inapatikana gari likiwa linavuta mzigo barabarani. Kupiga resi umesimama kunakupa kelele na joto, basi. Ringi zisipokaa, ukuta unakuwa laini kama kioo, oili inapenya na kuungua. Moshi wa bluu ndio huo.

Kamshafti nayo ina masharti yake. Kwenye injini za zamani kama hiyo, kamshafti mpya na tapeti zake huzoeana dakika 20 za mwanzo, injini ikiwa kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Hairuhusiwi kuachwa inanguruma polepole, maana oili haitarushwa vya kutosha, na haikanyagwi mpaka mwisho. Ukiharibu hapo, chuma kinalika na pesa yako imekwenda.

Beetle ina lingine. Ilivyotoka kiwandani haina filta ya oili, ina chujio la wavu tu. Vumbi la chuma la siku za kwanza linazunguka humo humo mpaka uimwage. Kwa hiyo unamwaga mapema, halafu tena ukifika kama kilomita 500. Oili yenyewe ni lita 2.5 hivi. Haifiki bili ya meza moja ya VIP, jamani!

Kuna watakaosema, basi tuiendeshe kama yai. Hapana. Kuilea injini si kuibembeleza. Ukitembea mwendo mmoja tu, ringi hazikai vilevile. Panda mwendo, shuka mwendo, badilisha gia mapema, usiilazimishe mlima kwa gia kubwa. Na foleni ya Mwenge saa nane mchana iachane nayo: Beetle haina rejeta, inapozwa na feni inayozungushwa na injini yenyewe, na injini ikizunguka polepole feni nayo inazembea. Jumapili alfajiri, Barabara ya Bagamoyo, hiyo ndiyo shule yake.

Uingereza zamani watu walibandika karatasi kioo cha nyuma kuwaambia wenzao kwamba injini bado inazoezwa, wapite tu. Hakuna aliyeona aibu. Sisi tunaona aibu kupitwa na bajaji.

Mafundi nao wasijifiche. Unayekabidhi funguo bila kumwambia mteja chochote, una lako la kujibu. Andika kwenye karatasi: asivuke mwendo gani, oili imwagwe lini, gari lirudi lini uangalie nati na uweke tapeti sawa. Mteja asaini. Likiungua, tutajua nani alikiuka.

Kwa staa wetu: kama fundi kakosea, fungua injini mbele ya fundi mwingine, vipande vitasema vyenyewe. Kikionekana kilichoua ni ile resi ya kamera, futa ile posti na uombe radhi hadharani, kama ulivyomtukana hadharani. Fundi anaishi kwa jina lake. Wewe ukipoteza injini utanunua nyingine, yeye akipoteza wateja atakula nini?

Haya, nyie mnasemaje? Hapa wa kulaumiwa ni nani? Shusha maoni hapo chini.