MASHINE ITUELEZE KICHINA KWA LUGHA ZETU

Huenda mkashangaa kumwona mwanachama wa Chama cha Kiswahili akiandika juu ya Kichina. Nivumilieni kidogo.

Taasisi ya Confucius ya kwanza barani Afrika ilifunguliwa Chuo Kikuu cha Nairobi mnamo 2005, na mwaka wa 2019 KICD ikatangaza kwamba Kichina kitafunzwa shuleni. Hapa Mabanga bado hatujamwona mwalimu wake. Lakini dadangu, mtoto wa mama mdogo, anakisoma chuoni. Likizo ya Agosti alikuja nyumbani na simu yenye programu ya akili unde, ile unayoiuliza swali nayo inakutungia jibu papo hapo. Kumbe insha zake zote ilikuwa ikimwandikia! Alama alipata, lakini siku ya mtihani wa kuzungumza alisimama mbele ya mwalimu akatokwa na jasho tu.

Basi tukaketi chini ya mwembe tukaiuliza pamoja. Kilichomtatiza ni kuhesabu. Vitabu viwili kwa Kichina ni liǎng běn shū, na mbuzi wawili ni liǎng zhī yáng. Neno la katikati hubadilika kulingana na aina ya kitu. Programu ikatueleza kwa Kiingereza kirefu mpaka tukachoka. Nikamwuliza dada, "Kwa Lubukusu unasemaje?" Akajibu, "Bitabu bibili, chimbusi chibili." Akanyamaza, kisha akacheka. Ni ngeli! Si sawasawa kabisa, kwani Mchina habadilishi neno "mbili" lenyewe, lakini mlango ulikuwa umefunguka.

Tazameni pia sauti. Kichina hutofautisha "ma" ya mama na "ma" ya farasi kwa kupanda na kushuka kwa sauti. Kiswahili hakina jambo hilo, ila Lubukusu na Kisabaoti zinalo. Wenzetu kutoka Mlima Elgon hawana ngeli zetu, lakini masikio ya toni wanayo. Mbona basi tufundishwe kana kwamba tumekuja darasani bila lugha?

Tulipoiambia programu itueleze kwa Lubukusu, ilitoa maneno yaliyomfanya nyanya ashike mbavu. Hayo hayakuwa Lubukusu hata kidogo!

Wapo wanaotaka akili unde ipigwe marufuku. Sikubaliani nao. Ubaya ni kuitumia kwa kujificha. Itumike darasani, kwa sauti, mwalimu akiwapo, na kila mmoja alinganishe jibu lake na lugha ya kwao. Najua wapo wazee waliovishwa kibao shingoni kwa kusema lugha ya mama shuleni. Labda wataona ajabu.

Ombi langu kwa mwalimu mlezi ni Ijumaa moja tu katika chumba cha kompyuta. Mbukusu, Msabaoti na Mteso waketi mbele ya kompyuta moja. Swali la kwanza ninalo tayari: kuku wawili kwa Kichina huhesabiwa kwa neno lipi, la vitabu au la mbuzi?