Vijana Wetu wa Kisarawe Watafika Wapi Msimu Ujao?

Na Mpenzi wa Mpira, Masaki, Kisarawe

Katika mabaraza yetu hapa Masaki, watu wakishamaliza habari za mvua na mihogo, huingia habari za mpira. Nasema Masaki ya Kisarawe, yenye mikorosho na miembe, wala si ile ya Dar es Salaam yenye mabalozi na majumba makubwa. Simba na Yanga wana wasemaji wao, tena wengi mno, nami sikushika kalamu kwa ajili yao. Nataka kusema juu ya timu isiyokuwa na msemaji, nayo ni timu ya wanafunzi wa Wilaya yetu itakayocheza michezo ya shule za sekondari, UMISSETA, msimu ujao. Watu wanaulizana: je, vijana wetu watafika wapi? Jibu ninalo, nami nitalitoa waziwazi. Lakini kabla ya kutabiri mavuno ni lazima tulitazame shamba.

Kwa asiyejua, michezo hiyo huanza shuleni kwanza. Shule hupambana na shule, kisha Wilaya huchagua wachezaji bora na kuunda kombaini. Kombaini za Wilaya hukutana mkoani, na Mkoa nao huchagua kombaini yake ya kwenda kupambana na mikoa mingine katikati ya mwaka. Mwaka 2021 michezo ya taifa ilikuwa Mtwara, na mwaka 2022 ilikuwa Tabora. Kwa hiyo kijana anayecheza peku leo jioni katika uwanja wa mchanga hapa kwetu aweza, kabla mwaka haujapinduka, kuvaa jezi ya Mkoa wa Pwani mbele ya nchi nzima.

KISARAWE SI MGENI WA MPIRA

Wako wanaodhani kwamba mpira ni mali ya mjini, nasi wa shamba tunauokota tu ukivuka uzio. La hasha! Mwishoni mwa karne ya 19 wanafunzi wa St Andrew's College, Kiungani, Unguja, chuo cha wamisionari wa UMCA, walikuwa tayari wakicheza kandanda. Katika miaka ya 1920 chuo hicho kilihamia Minaki, katika vilima vya Kisarawe. Basi koleji iliyokuwa miongoni mwa za kwanza kucheza mpira katika sehemu hizi za Afrika ikawa jirani yetu, na mchezo ukaja pamoja nayo.

Mgeni aliyeuleta mchezo huo alitaka utufundishe utii. Alitaka tujifunze kupanga mstari na kungoja filimbi yake. Lakini Waafrika waliupokea mpira wakajifunza jambo jingine, kwamba watu kumi na mmoja wa makabila mbalimbali wakiwa na nia moja hawafungiki kirahisi. Si ajabu basi kwamba mjini Dar es Salaam klabu ya Young Africans, iliyoanzishwa mwaka 1935, ilikuwa karibu sana na watu wa TANU katika siku za kudai Uhuru. Wala si mbali na Minaki, pale Pugu, ndipo Mwalimu Nyerere alipokuwa akifundisha mpaka mwaka 1955, alipoiacha kazi ya ualimu ili kuitumikia TANU. Vilima hivi vimezoea kutoa watu.

WALIOTOKA NA WATAKAOINGIA

Sasa tuitazame timu yenyewe. Timu ya wanafunzi si kama timu ya klabu. Klabu ikiwa na mlinda mlango hodari humshika miaka kumi. Timu ya wanafunzi ni kama maji ya mto: jina ni lile lile, lakini maji ya mwaka jana yamekwisha kwenda baharini. Kidato cha nne hufanya mtihani wao mwezi wa Novemba na kuondoka. Kidato cha sita hufanya wao mwezi wa Mei, wakati michezo inakaribia, nao huondoka. Kila mwaka mwalimu wa michezo hubaki na mabeki wawili, winga mmoja, na gunia la jezi.

Kwa hiyo asiwadanganye mtu kwa kuhesabu mabao ya msimu uliopita. Mabao yale yamekwenda na wenyewe. Tunaowategemea ni wale wa kidato cha pili na cha tatu waliokuwa wakikaa pembeni wakitazama, na wale wa kidato cha tano wa Minaki.

Hapa kwenye kidato cha tano pana jambo la kufurahisha. Vijana hao hupangiwa shule na Ofisi ya Rais, TAMISEMI, kutoka nchi nzima. Mmoja hutoka Kigoma, mwingine Mara, mwingine Ruvuma, mwingine Tandika ya Dar es Salaam. Wakubwa wanapopanga majina hutazama alama za hisabati na historia. Hawajui kwamba pengine wametuletea sentafowadi. Kijana wa Kigoma huvaa jezi ya Kisarawe, akapigiwa makofi na bibi wa Kizaramo ambaye hajui hata kwao ni wapi. Huo ndio Utaifa, ndugu zangu. Hauhitaji hotuba ndefu.

Sitataja majina ya vijana. Hawa ni watoto wa shule, na kumsifu kijana gazetini kabla hajafika popote ni kumtia kilema. Lakini naweza kusema juu ya mpira wa kwetu. Kijana wa Masaki, Msanga au Maneromango amejifunza chandimu mchangani, kwa mpira wa makaratasi uliofungwa kwa kamba. Mchanga ni mwalimu mkali. Mpira ukipigwa ovyo hauendi, basi kijana hujua kuuficha mguuni, kugeuka upesi na kutoa pasi fupi. Udhaifu wake ni mipira ya juu. Ikija kona ndefu yeye hutazama angani kama mtu anayetafuta mwezi wa Ramadhani. Vijana wa Minaki, wakubwa kwa umri na kimo, ndio wanaoweza kutuzibia pengo hilo. Miguu ya mchangani na vichwa vya Minaki vikikutana mapema, tunayo timu.

UTABIRI WANGU

Mkoani tutakutana na Bagamoyo, Mkuranga, Rufiji, Kibiti, na ndugu zetu wa Mafia watakaovuka bahari. Lakini mlima wetu ni Kibaha. Kule kuna Shirika la Elimu, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi za Nordiki, lenye shule na chuo cha maendeleo ya wananchi katika eneo moja. Wanafunzi wanaoishi pamoja na kula pamoja huzoeana upesi, na kuzoeana ni nusu ya mchezo.

Basi jibu langu ni hili: Kisarawe itafika nusu fainali ya Mkoa, na itatoa wachezaji wasiopungua wanne katika kombaini ya Pwani. Atakayeniona mwenye majivuno na aje tubishane. Lakini nina masharti matatu, na yasipotimizwa, tutarudi nyumbani siku ya tatu tukimlaumu refa.

Sharti la kwanza ni wakati. Ugonjwa wa timu nyingi za wanafunzi ni kombaini ya wiki moja. Vijana hukusanywa siku chache kabla ya safari, hujuana majina ndani ya basi, na mabeki wao hupatana uwanjani wakiwa wamekwisha fungwa mawili. Michezo ya kata kwa kata ianze mwezi wa Februari. Masaki ikutane na Kibuta, Msimbu ikutane na Kiluvya, Mzenga ikutane na Marui. Haihitaji fedha nyingi; yahitaji walimu wanaopewa nafasi, na filimbi.

Sharti la pili ni chakula na viatu. Kijana aliyekunywa uji asubuhi na kukaa darasani mpaka alasiri hawezi kukimbia dakika tisini. Wazazi, matawi yetu ya chama, na wenye maduka wasingoje serikali iwavishe viatu watoto watakaoliletea sifa jina la Wilaya yao. Tulikubali Elimu ya Kujitegemea tangu mwaka 1967; kujitegemea hakuishii kwenye jembe.

KIWANJA AU VIWANJA?

Sharti la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo ni uwanja wenyewe. Dar es Salaam inakua na inatujia. Pita barabara yo yote ya Wilaya hii utaona vibao: “Viwanja vinauzwa.” Lugha yetu ina mzaha mchungu hapa, maana kiwanja kimoja cha mpira huweza kuzaa viwanja ishirini vya kujenga, na dalali hukipenda zaidi kwa sababu kimekwisha sawazishwa na miguu ya watoto wetu. Kikikatwa, hakirudi. Shamba la mihogo huweza kuhamishwa. Uwanja wa kijiji uliopo katikati ya watu hauna pa kuhamia.

Wala wananchi wasiseme kwamba hawana nguvu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inasema kwamba Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni mimi na wewe. Tunapoacha kuhudhuria kwa sababu jua ni kali au kwa sababu siku hiyo Yanga wanacheza, tunampa dalali kura yetu. Nawaomba wanachama wote: katika mkutano ujao simameni mtake uwanja wa mpira uandikwe katika mpango wa matumizi ya ardhi ya kijiji, upimwe, na uwekewe mipaka inayoonekana. Kazi hiyo ni kubwa kuliko kununua jezi mia.

MASOMO KWANZA? NDIYO, LAKINI

Wako watakaosema kwamba mpira huharibu masomo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 fikira hiyo ilishinda, michezo ya shule ikasimamishwa, kisha ikarudishwa baadaye. Nauliza: miaka ile vijana waliokatazwa mpira walikwenda maktaba? Wengi walikwenda vijiweni. Ni haki kabisa kumwambia kijana kwamba asiyefanya mazoezi ya darasani hatapangwa katika timu; mwalimu mwenye busara huutumia mpira kama fimbo isiyoumiza. Lakini kumnyima kabisa ni kumkata mkono wa kulia ili aandike kwa wa kushoto.

Tutazame na wenzetu. Ghana ya Kwame Nkrumah ilikuwa na timu ya taifa ya wanafunzi, Academicals, na Black Stars wao walitwaa Kombe la Afrika mwaka 1963 na tena 1965. Huko Marekani mpira wao wa kushika mikononi una vyuo vikuu vyenye viwanja vikubwa kuliko vya klabu. Ule wa Michigan huchukua watu zaidi ya 100,000, wakati wetu wa Benjamin Mkapa huchukua 60,000. Mashabiki wa vyuo hivyo hubishana miezi mingi kabla ya msimu kama tunavyobishana sisi barazani. Siyatamani mabilioni yao, na tangu mwaka 2021, wanafunzi waliporuhusiwa kupata fedha kwa majina yao, wenyewe wanalalamika kwamba mchezo umegeuka mnada. Ninachotamani ni ile imani yao kwamba mchezaji hutengenezwa akiwa mwanafunzi.

Taifa letu lilicheza fainali za Afrika kule Lagos mwaka 1980, kisha likangoja miaka 39 mpaka Misri mwaka 2019. Miaka 39! Aliyezaliwa siku ile alikuwa na watoto wanaokwenda shule tuliporudi. Sasa Afrika imetupa sisi pamoja na Kenya na Uganda uenyeji wa Kombe la mwaka 2027. Tutajenga viwanja vya mageni, na ni vyema. Lakini mwenye nyumba haonyeshi wageni ukumbi tu. Huonyesha na watoto wake.

Basi ndugu zangu wa Masaki, Kibuta, Maneromango na Wilaya nzima, nimesema nusu fainali na wachezaji wanne. Kaulizeni shuleni mwenu kama mazoezi yameanza. Kahudhurieni mkutano wa kijiji. Na siku kombaini ya Kisarawe itakaposhuka kukutana na Kibaha, asibaki mtu barazani.

Uhuru na Kazi!