Kabati la Chini na Vitu Visivyofikika



Mama zetu, dada zetu, na nyote mnaousoma ukurasa huu, mwezi wa Shaaban ukielekea ukingoni, nyumba nyingi za mwambao wetu huoshwa, mapazia hufuliwa, na vyombo vya futari hutolewa vikasuguliwa. Makabati ya chini ya jikoni husahauliwa, kwa kuwa yana milango na mgeni hayaoni ndani. Hali ya kuwa humo ndimo pesa ya nyumba inamopotelea, na humo ndimo hatari ya mtoto inamojificha. Wanaume nao wasiupindue ukurasa huu. Mtume wetu (SAW) alikuwa akiwasaidia watu wa nyumbani kwake katika kazi zao, na hapana unyonge katika hilo.

Tuanze na vipimo. Kabati la juu huwa na kina cha sentimita 30 hivi. La chini hufika 60, na aghalabu hutiwa rafu moja tu katikati. Nusu ya mbele huonekana na hufikika. Nusu ya nyuma humtaka mtu apige magoti, aondoe vya mbele, kisha apapase gizani. Mama mwenye maumivu ya magoti hawezi kufanya hivyo kila siku. Humtuma mtoto dukani akanunue kingine. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walisema pia akiba haiozi, lakini unga uliosukumwa nyuma miezi kadhaa, katika joto na unyevu wa pwani, huingia fukusi na kushika ukungu, kisha hutupwa. Hiyo ni israfu ambayo hakuna aliyeikusudia.

Basi kabati la chini lipimwe kwa vitu vinavyotoka kwa urahisi, si kwa vingi vilivyoshindiliwa.

Chagua kabati moja kwa siku moja. Toa kila kitu, ukipange juu ya mkeka katika mafungu manne: vya kila siku, vya kila wiki, vya Idi na harusi, na visivyo na kazi tena. Lifute kabati, kisha uliache wazi mpaka likauke kabisa. Makabati mengi ya siku hizi ni ya bodi za unga wa mbao ulioshindiliwa, nazo zikinywa maji huvimba na hazirudi tena. Chini ya sinki, papasa viungo vya bomba kwa mkono mkavu. Ukipata unyevu, muite fundi kabla ya kurudisha hata kikombe.

Wakati wa kurudisha, kila kitu kiwekwe karibu na kazi yake. Sufuria, makaango na miko vikae ubavuni mwa jiko. Mabakuli na machujio karibu na sinki. Vizito, kama kinu na sufuria kubwa, viwekwe sakafuni mwa kabati, vyepesi juu ya rafu. Sufuria zetu hazina mikono, hivyo huingiana vizuri, kubwa ikaibeba ndogo. Kinachoharibu mpango ni mifuniko. Isimamishwe ubavu kwa ubavu kama vitabu, na masinia na kibao cha chapati vivyo hivyo. Seremala wa mtaani anaweza kukupigilia vipande vichache vya mbao vya kuigawa nafasi hiyo, ili sinia la chini lisitolewe kwa kuyainua mengine yote.

Nafasi tupu iliyo juu ya vyombo vifupi nayo ni nafasi. Ongeza rafu ya nusu kina upande wa nyuma, au weka kigoda kifupi ndani, vyombo vikae juu yake na chini yake. Ukitaka kutundika miko nyuma ya mlango, pima kwanza, mlango usije ukagonga rafu na kukataa kufungika.

Ama kile kina cha sentimita 60, dawa yake ni trei au beseni la mstatili lenye urefu unaokaribia kina cha kabati. Panga humo makopo ya nafaka na viungo, yenye vifuniko vinavyobana, vipya nyuma na vya zamani mbele. Ukivuta trei, vya nyuma huja pamoja na vya mbele. Na anayejenga jiko jipya amwambie fundi amtengenezee droo za reli badala ya milango. Gharama yake ni kubwa zaidi, lakini magoti ya mama yatasalimika.

Sasa tufike penye hatari. Mtoto anayetambaa hufikia kabati la chini kabla ya mahali pengine popote jikoni. Mafuta ya taa, dawa ya kuondoa madoa na dawa ya panya visikae humo, wala visitiwe kabisa katika chupa za soda au za maji, kwani mtoto huijua chupa, hakijui kilichomo. Vihamishieni juu, penye kufuli. Mtoto akinywa mafuta ya taa, msimtapishe, kwa sababu yakirudi huweza kuingia mapafuni. Mkimbizeni hospitali pamoja na chupa yenyewe.

Mtungi wa gesi nao usifungiwe ndani ya kabati lisilo na matundu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutuama chini na kujaa humo humo ikingoja cheche. Kabati liwe na matundu karibu na sakafu, au bora zaidi mtungi ukae nje penye kivuli na hewa. Mkisikia harufu, msiguse swichi ya taa. Fungeni mtungi, fungueni madirisha, mtoke.

Limebaki lile fungu la nne, na lile la Idi. Sura ya 107 ya Qur'ani inaitwa al-Maun, na wengi katika wafasiri wamelieleza neno hilo kuwa ni vyombo vya nyumbani wanavyoazimana watu, kama sufuria na ndoo. Jirani akija kuazima sufuria ya pilau nawe ukamjibu kuwa hujui iko wapi, hukumnyima kwa moyo, lakini naye amerudi mikono mitupu. Vyombo vya Idi viwekwe kwenye ile kona ya ndani isiyofikika upesi, na karatasi ibandikwe ndani ya mlango kuonyesha kilichomo. Na chombo kizima kilichopita Idi mbili bila kuguswa, yupo bi harusi anayeanza nyumba na sufuria moja. Mpelekeeni kabla Ramadhani haijaingia.

Wabillahi tawfiq.